Sanduku la sigaa na kikopo cha chumvi: asilimia 70 maana yake nini hasa?

Aprili iliyopita, masika yakiwa yamekolea Dar es Salaam, jamaa yangu mmoja alinitumia picha. Sanduku zuri la mbao liko wazi, ndani sigaa 18 zimelala kama dagaa kwenye kopo, na tatu kati yake zimeota manyoya meupe yenye madoa ya kijani. Chini ya picha kaandika: "Kaka, nimefuata maelekezo yote. Kila Jumapili naongeza maji. Nimekosea wapi?"

Alikosea hapo hapo, kwenye "naongeza maji". Lakini simlaumu. Karatasi iliyokuja na sanduku ilimwambia aongeze. Video alizotazama zilimwambia aongeze. Muuzaji, ambaye nadhani naye kazitazama video zilezile, akamuuzia na sifongo ya akiba. Na ushauri wenyewe si wa uongo. Umeandikwa kwa ajili ya nyumba za nchi za baridi, ambako kikanza kinawaka miezi mitatu minne mfululizo na hewa ya ndani inakauka mpaka midomo inapasuka. Ukiuchukua vilevile ukauleta Mikocheni mwezi wa nne, unalima ukungu.

Tuwekane sawa kwanza kwenye maneno. Sigaa ninayoizungumzia ni ile nene, iliyosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku bila karatasi. Wengine wanaiita siga, wazee wengine biri. Sanduku la kuitunzia linaitwa hyumida. Kazi yake ni moja tu: kuizuia hewa iliyo ndani isifuate hali ya hewa ya nje. Kile kipimo cha mviringo au cha namba kinachobandikwa kwenye kifuniko ni haigromita, na namba yake inasoma unyevu wa hewa kwa asilimia. (Sikushawishi uvute. Moshi wa sigaa unaleta saratani ya kinywa na koo hata usipoushusha mapafuni, na sanduku halibadilishi hilo. Ila wengi wamepewa boksi la sigaa kama zawadi ya safari au ya harusi na hawajui walifanyie nini, na maswali ndiyo hayo.)

Sasa, maelekezo mengi yanataka kipimo hicho kisome asilimia 70. Asilimia 70 ya nini? Hapa ndipo mkanganyiko unapoanzia. Watu wengi wanaelewa kwamba kati ya hewa yote, sehemu 70 ni maji. Sivyo. Hewa ina kikomo cha maji inayoweza kubeba, na kikomo hicho kinategemea joto. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 21 inabeba gramu 18 hivi za maji halafu basi, imeshiba. Ikiwa na nyuzi 30, inabeba gramu 30 hivi. Asilimia inayosomwa na haigromita inakwambia hewa imefika wapi kuelekea kushiba huko. Kwa hiyo asilimia 70 ya chumba chenye nyuzi 30 ina maji mengi zaidi kuliko asilimia 70 ya chumba chenye nyuzi 21: gramu 21 dhidi ya 13 kasoro. Namba ni moja, maji ni mbalimbali.

Chukua hewa ile ya nyuzi 30 na asilimia 70, uifungie mahali halafu uipoze hadi nyuzi 24. Hujaongeza hata tone. Lakini kikomo kimeshuka hadi gramu 22 kasoro kidogo, na wewe una 21. Kipimo kitakimbilia karibu na 100. Ndiyo sababu chupa ya soda iliyotoka kwenye friji inatoka jasho mezani: hewa inayoigusa imepozwa hadi imeshindwa kubeba mzigo wake. Ndiyo sababu pia lile bomba jembamba la AC linadondosha maji ukutani kutwa nzima. Maji yale yalikuwa chumbani mwako, hewani.

Kama huna haigromita, angalia kikopo cha chumvi jikoni. Chumvi safi ya mezani haivuti maji kutoka hewani mpaka unyevu ufike asilimia 75 hivi. Ukipita hapo inaanza kulowa na kugandamana. Kila nyumba ya pwani inaijua hali hii, ndiyo maana watu wanatia punje za mchele ndani ya kikopo. Chumvi ya mawe isiyosafishwa inaanza mapema zaidi, kwa hiyo isikutie wasiwasi. Ila chumvi safi ikikataa kutoka kwenye matundu, hewa ya jikoni kwako imeshapita 75, na sanduku lililoachwa wazi humo linaelekea huko huko. Kuweka sifongo yenye maji ndani ya sanduku hilo ni kumpa maji mtu aliyetoka kuogelea.

Hadi hapa nimesema habari za hewa. Lakini hewa si mhusika mkuu, na hili ndilo ninalotamani lingeandikwa kwenye karatasi ya kila sanduku. Tunachotunza ni maji yaliyo ndani ya jani.

Mkulima wa tumbaku ya mvuke kule Urambo analijua hili kuliko mvutaji yeyote. Akishamaliza kukausha, majani yaliyoning'inia ndani ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku, yanakuwa makavu kiasi kwamba ukiyagusa yanavunjika kama maganda ya karanga. Hayashuki hivyo hivyo. Anafungua mlango na matundu ya bani usiku, anaacha unyevu wa alfajiri uingie, majani yanalainika, ndipo anayashusha bila kuyapasua. Jani la tumbaku linakunywa na kutema maji kufuatana na hewa iliyolizunguka, maisha yake yote, hata likishasokotwa kuwa sigaa na kuvikwa pete ya karatasi ya dhahabu. Mahindi yako hivyo hivyo: tunaambiwa tuyahifadhi yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5, maana zaidi ya hapo ukungu unapata makazi. Sigaa iliyo katika hali nzuri nayo ina maji asilimia 12 hadi 14 ya uzito wake. Hewa ya asilimia 65 hadi 70 ndiyo inayoliweka jani hapo. Namba 70 haina utakatifu mwingine.

Tufanye hesabu ya sanduku la jamaa yangu. Ndani lina sentimita 25 kwa 20 kwa 10, yaani lita tano. Hewa yote iliyomo, hata kwa joto la Dar, imebeba sehemu ya kumi ya gramu ya maji. Hayo ni matone mawili. Sigaa 18 za gramu 12 kila moja, zenye maji asilimia 13, zimebeba gramu 28. Hivyo ni vijiko viwili vya chakula. Mbao nazo zina maji yao. Kwa hiyo ukifungua kifuniko kuchagua sigaa, ukapoteza hewa yote, umepoteza matone mawili, na majani yatarudisha hali kabla hujamaliza kikombe cha kahawa. Wale wanaokataza sanduku lisifunguliwe kabisa wanaangalia mshale wa kipimo unavyoruka, hawaangalii jani. Na kinyume chake ni kweli: sigaa zikishashiba maji, kufungua kifuniko dakika tano "zipumue" hakusaidii kitu. Vijiko viwili havitoki kwa upepo wa dakika tano. Vinatoka kwa wiki.

Hiyo namba 70 ilitoka wapi? Kanuni ya zamani ya wavutaji wa Marekani ni "70 kwa 70": unyevu wa asilimia 70, joto la digrii 70. Digrii zao ni za Fahrenheit, na 70 hizo ni nyuzi 21 kwa kipimo chetu. Inakaa vizuri mdomoni, ndiyo maana imedumu. Lakini nani pwani ana chumba cha nyuzi 21? Havana yenyewe, zinakosokotwa sigaa zenye jina kubwa kuliko zote, ni mji wa joto na unyevu unaofanana na Dar au Mombasa kuliko unavyofanana na Geneva. Siku hizi wengi wanapendelea 65, hasa kwa sigaa za Cuba, kwa sababu kwenye 70 nyingi zinavutika kwa shida na moto unazimika kila mara. Kwa nyumba yenye joto la nyuzi 27 au 30, mimi nisingepita 65. Joto na unyevu vikikutana, ukungu hauhitaji mwaliko.

Kabla hujaiamini namba yoyote, hakikisha kipimo chako hakidanganyi. Vile vya mshale vinavyobandikwa kwenye masanduku ya bei nafuu vinaongopa sana. Nimeona kimoja kinasoma 68 mezani, ndani ya sanduku, na juu ya bakuli la wali unaofuka moshi. Jaribio ni la chumvi tena. Chukua kifuniko cha chupa ya maji, jaza chumvi ya mezani, dondoshea matone machache ya maji mpaka iwe kama mchanga wa ufukweni maji yakishakupwa: imelowa, lakini haijayeyuka. Iweke ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika pamoja na kipimo, visigusane, ufunge na hewa ndani, uache saa 24 pasipo jua. Chumvi iliyolowa italeta hewa ya mfuko kwenye 75 na kuishikilia hapo. Kipimo kikisoma 80, kinazidisha tano. Kikisoma 70, kinapunguza tano. Andika kwa kalamu kwenye kibandiko nyuma yake. Kile cha jamaa yangu kilisoma 66. Alikuwa anaongeza maji kwenye sanduku lililokuwa karibu 80 kwa sababu kipimo kilimwambia liko 70.

(Wale waliokulia shambani watakumbuka jaribio jingine: mahindi ndani ya chupa kavu pamoja na chumvi, unatikisa, chumvi ikishika kwenye kioo mahindi hayajakauka. Ni chumvi ileile, na sababu ni ileile.)

Baada ya chumvi, kuelewa pakiti za pande mbili ni rahisi. Hizi ni vifuko bapa vya karatasi maalumu vinavyopitisha mvuke bila kuvujisha maji, na ndani yake mna rojo la chumvi. Si chumvi ya mezani peke yake, maana ile ingeshikilia 75. Kila aina ya chumvi ina namba yake, na watengenezaji wanachagua mchanganyiko wa kupata 62, 65, 69 au 72. Hewa ikiwa kavu kuliko namba hiyo, kifuko kinatoa maji. Ikiwa na unyevu zaidi, kinanyonya. Kwa nchi ya baridi kazi yake kubwa ni kutoa, na kinakwisha kikiwa kigumu kama biskuti. Pwani kinakwisha kwa njia ya pili: kinavimba, kinakuwa kizito na chepesi kuminyika kama mfuko wa maziwa. Kikifika hapo, badilisha, ingawa maelekezo yanasema usubiri kikauke. Hakitakauka. Kifuko cha gramu 60 kinatosha sigaa 25 hivi ndani ya chombo kinachobana vizuri.

Na kubana vizuri ndiko kunakokosekana. Sanduku la mbao la kupendeza mara nyingi linavuja pembeni. Fungia noti ya elfu moja kwenye kifuniko, uivute. Ikitoka bila kukataa, sanduku lako ni pambo. Washa tochi ya simu, iache ndani, funga, zima taa ya chumba: ukiona mwanga kwenye maungio, hewa ya masika nayo imepaona. Kwa mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja nitasema jambo litakalowaudhi wapenda vitu vizuri: kontena la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, lile la kuwekea unga, likiwa na pakiti moja ya 65 ndani, linalishinda sanduku la mbao la laki tatu. Hakikisha tu halina harufu ya bizari. Tumbaku inanyonya harufu kama inavyonyonya maji.

Mbao yenyewe ina sifa yake, siikatai. Inaitwa mwerezi wa Kihispania, na jina lote ni la uongo: si mwerezi, wala haitoki Hispania. Ni Cedrela odorata, mti wa Karibi na Amerika ya Kati na Kusini, wa ukoo mmoja na mkangazi na mwarobaini wetu. Uliletwa Tanzania, na katika msitu wa Kimboza, Morogoro, umevamia kiasi cha kuwatoa jasho wahifadhi. Mbao yake inanukia, inahimili kuoza, na inanyonya na kutoa unyevu taratibu, hivyo inatuliza mabadiliko. Ndiyo maana sanduku jipya likitoka nchi kavu linatakiwa kwanza "linyweshwe" wiki moja au mbili kabla ya kuwekwa sigaa, la sivyo mbao zitanyonya maji ya majani. Dar, sanduku lililokaa mwezi mzima kwenye duka lisilo na AC limeshakunywa vya kutosha. Lipime kabla ya kulinywesha. Na harufu ya mbao haifukuzi wadudu kwa uhakika, hata kama muuzaji ataapa.

Wadudu ndio hofu yangu kubwa kwa nyumba zetu, kuliko hata ukungu, kwa sababu wao hawaonekani mapema. Kuna kidudu cha kahawia cha milimita mbili tatu, Lasioderma serricorne, ambacho kwa tumbaku ni kama dumuzi kwa mahindi. Mayai yake yanaweza kuwa ndani ya jani tangu kiwandani, na yanaanguliwa haraka zaidi joto likipita nyuzi 24 hivi. Kisha siku moja unakuta tundu la mviringo kama la sindano ya kushonea magunia, na unga wa tumbaku chini yake. Hakuna namba ya unyevu itakayokuokoa hapo. Joto ndilo linaloamua. Nyumba isiyo na AC iko juu ya nyuzi 24 karibu mwaka mzima, kwa hiyo dawa ni friza. Funga sigaa kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa uwezavyo, ziweke kwenye friji siku moja, kisha friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Siku tatu nne zinatajwa kuwa zinatosha. Kwa umeme wetu wa kukatika mimi naacha wiki. Zirudishe kwenye friji siku moja, halafu nje, na usifungue mfuko mpaka zifikie joto la chumba. Jasho lile la chupa ya soda litatokea, na unataka litokee nje ya mfuko.

Kuziacha kwenye friji moja kwa moja ni habari nyingine. Friji za kisasa zinakausha, na zina samaki.

Mahali pa kuweka sanduku pia pana maana. Kabati la chini, ukuta wa ndani, mbali na dirisha, na si juu ya friji. Chumba ambacho AC inawashwa usiku na kuzimwa asubuhi ni kibaya kuliko chumba cha joto la kawaida lisilobadilika, kwa sababu ya ile hesabu ya nyuzi 30 kwenda 24. Sanduku likiwa limejaa, majani yananyonya sehemu kubwa ya ziada. Likiwa na sigaa mbili tu, mshale utacheza ngoma usiku kucha.

Nairobi mambo yanageuka. Mchana wa Januari na Februari hewa inaweza kuwa kavu kweli, usiku kuna ubaridi, na huko sanduku linahitaji kuongezewa. Pakiti ya 69 inafaa. Dodoma wakati wa kiangazi vivyo hivyo. Muscat unatoka nje Julai miwani inaingia mvuke, lakini ndani AC imekausha kila kitu, basi pima ndani. Na ndugu zetu walio Toronto au Minneapolis wafuate ile karatasi ya maelekezo tu, iliandikwa kwa ajili yao. Anayeongeza maji atumie yaliyokenekwa (yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa kuwa maji tena), si ya bomba, kwa sababu chumvichumvi za maji ya bomba zinaziba sifongo. Ukiyatafuta kwenye duka la vipuri ukaomba "maji ya betri", soma chupa: kuna ya kuongezea, na kuna asidi.

Wengine watakwambia unga mweupe juu ya sigaa ni dalili ya kukomaa. Hadithi hiyo ni ya zamani na inapendwa, lakini ukiona manyoya, au madoa ya kijani au bluu, huo ni ukungu. Ukiwa juu ya jani la nje peke yake, watu hufuta na kushusha unyevu. Ukiwa umeingia kwenye ncha iliyokatwa, ambako majani ya ndani yako wazi, tupa. Kipande cha tofaa au cha kiazi ndani ya sanduku, ushauri mwingine wa kale, ni shamba la ukungu huohuo.

Jamaa yangu alitupa tatu, akafuta sanduku kwa spiriti na kuliacha wazi chumba chenye AC, akahamishia 15 zilizobaki kwenye kontena la unga. Kwa hamu ya kuzikausha haraka akanunua gunia dogo la zile punje za kunyonya maji zinazowekwa kwenye viatu vipya, akamwaga nusu kilo. Siku nne baadaye kipimo, kile kipya, kilisoma 48, na sigaa zilikuwa zinalia kwa vidole kama majani makavu ya mgomba.

Zinarudi, lakini kwa subira. Ukizitia kwenye unyevu mwingi ghafla, majani ya ndani yanavimba kabla jani la nje halijalainika, nalo linapasuka kwa urefu. Alianza na pakiti ya 62 kwa wiki tatu, kisha ya 65. Kila Jumapili, badala ya kuongeza maji, anatoa moja na kuibinya taratibu katikati kama anavyobinya embe sokoni: ikibonyea kidogo na kurudi, iko sawa, ikibaki imebonyea, ina maji, ikilia, bado. Mara ya mwisho 13 zilirudi. Mbili zilikuwa zimeshapasuka, na jani la nje likishapasuka halishoneki.